Bia ileile, kaunta mbili: moja ilinukia embe, nyingine siagi

Swali la msomaji:

“Mtaalamu, shikamoo. Mimi ni mwanamke wa miaka 34, kwetu Marangu, naishi Dar es Salaam. Si mnywaji. Nikinywa ni chupa moja ndogo ya bia kwenye harusi, na mbege kidogo nikienda nyumbani Desemba. Mwezi uliopita nilikuwa Nairobi kikazi, wenzangu wakanipeleka mgahawa unaopika bia yake palepale, matangi unayaona nyuma ya kioo. Wakaniagizia Pale Ale ya bombani, glasi ya nusu lita, kwenye menyu imeandikwa asilimia 5.8. Ilikuja haijapoa vizuri, ina ukungu, povu vidole viwili, inanukia embe na maganda ya chungwa, kisha ina uchungu ulionikaa kooni. Niliimaliza kwa kuona haya. Baadaye tukahamia kaunta ya bustanini, nikaletewa glasi nyingine ya bia ileile. Hii ilinukia siagi na ilikuwa na uchachu ambao ya kwanza haikuwa nao. Nikaishia nusu. Asubuhi kichwa kiliuma na tumbo likawa linanguruma. Rafiki yangu anasema hiyo ndiyo keg ya Kenya, na kwamba pombe za kupikwa kienyeji zimeua watu huko. Mwingine ananiambia ningeagiza ile nyeusi, inaongeza damu. Je, nilikunywa kitu kibovu? Au ni mimi tu nisiyejua bia?”

Marahaba, mwanangu. Swali lako limenifurahisha kwa sababu umeeleza ulichokiona, ulichokinusa na mahali ulipokaa, na hayo ndiyo ninayoyahitaji ili nikujibu. Ungeniambia tu kwamba bia ilikuwa mbaya, ningebaki kubahatisha.

Unachouliza, kwa maneno yangu, ni hiki: nitajuaje kama bia ni ngeni kwangu au imeharibika? Kwa glasi ya kwanza, naamini ilikuwa ngeni tu. Haikuwa na kasoro hata moja katika hayo uliyoyataja. Glasi ya pili ni habari nyingine. Hapo ulimi wako ulikuambia kweli, na ulifanya vizuri kuiacha nusu.

Kwanza niondoe hofu ya kufa. Rafiki yako amechanganya mambo matatu. Keg kwa asili ni pipa la chuma la kuhifadhia bia, basi. Nchini Kenya jina hilo limeshikamana na bia moja ya bei nafuu, Senator Keg, iliyoletwa mwaka 2004 kwa nafuu ya kodi ili watu wa kipato kidogo wapate kitu salama kuliko chang'aa. Kwa hiyo Mkenya akisikia keg anafikiria bia ya kikombe kwenye baa ya mtaani. Bia uliyokunywa nayo ilitoka kwenye pipa, au moja kwa moja kwenye tangi, lakini undugu wao unaishia hapo.

Vifo anavyovikumbuka ni vya kweli. Mei 2014 makumi ya watu walikufa Kenya, wengine wakapofuka, kwa kunywa pombe iliyokuwa na methanoli. Hiyo ni pombe kali ambayo mtu ameitia kemikali za viwandani ili iwe na nguvu kwa gharama ndogo. Bia ya shayiri haiwezi kufika huko yenyewe. Methanoli hutokana zaidi na nyuzi za matunda, ambazo shayiri karibu haina. Nayo bia haikenekwi kama gongo, kwa hiyo hakuna hatua inayokusanya sumu mahali pamoja. Dalili za methanoli nazo haziishii kwenye kichwa kuuma asubuhi. Mtu huanza kuona ukungu au weupe kama maziwa, anatapika, tumbo linamkata, anahema kwa shida, mara nyingi saa 12 hadi 24 baada ya kunywa. Ukimwona mtu wa namna hiyo, usimpe maziwa wala maji ya limao. Mpeleke hospitali yenye huduma ya dharura saa hiyohiyo, kwa sababu dawa ipo na kila saa ina thamani.

Sasa tuje kwenye glasi yako ya kwanza, maana hapo ndipo kuna mengi ya kujifunza.

Umekulia kwenye mbege, kwa hiyo unajua zaidi ya unavyodhani. Mbege ni ndizi mbivu zilizochemshwa, kimea cha ulezi, na ule uchungu wa magome ya msesewe. Bia ya shayiri inakwenda njia hiyohiyo. Shayiri hulowekwa ikaota, ikakaushwa: hicho ndicho kimea. Kimea husagwa, kikatiwa kwenye maji ya nyuzi 65 hadi 68 za Selsiasi kwa muda wa saa moja hivi, na vimeng'enya vyake hugeuza wanga kuwa sukari. Ukionja maji yale wakati huo, ni matamu kama togwa. Kisha yanachemshwa, na hapo ndipo mpishi anapotia hopsi, maua ya mmea wa kutambaa unaohitaji siku ndefu za kiangazi, jambo linaloufanya usistawi kwetu karibu na Ikweta. Hopsi nyingi tunaagiza kutoka Hallertau, Ujerumani, au bonde la Yakima, Marekani. Kazi ya hopsi kwenye bia ni ile ya msesewe kwenye mbege: kuukata utamu, na kuwazuia bakteria fulani wasiichachushe.

Uchungu ulioukuta unatoka hapo. Wataalamu wanaupima kwa kipimo kiitwacho IBU. Laga nyingi za chupa tulizozizoea zina kama 10 hadi 20. Pale Ale hufika 30 na zaidi, na nyingine kali zaidi hupita 60. Mwili wa binadamu umeumbwa kuuogopa uchungu kwa sababu sumu nyingi za porini ni chungu. Mtoto akipewa mchicha mchungu au mnavu anautema, akikua anauomba. Kahawa isiyo na sukari nayo ni hivyohivyo. Kwa hiyo koo lako kushtuka si ushamba, ndivyo mwili unavyofanya kazi. Na kama baada ya glasi tatu au nne za siku tofauti bado hupendi, basi hupendi. Hakuna deni hapo.

Harufu ya embe imewachanganya wengi kabla yako, wakidhani wamewekewa rangi na ladha za dukani. Hakuna embe humo. Mafuta ya asili yaliyomo kwenye ua la hopsi yana viambato vinavyofanana na vya embe, chungwa, pasheni, hata majani ya msonobari. Yakichemshwa sana yanapotea na mvuke, ndiyo maana wapishi wa eli, aina ya bia uliyokunywa (nitaliandika jina la Ale hivyo, kama linavyotamkwa) hutia hopsi mara ya pili bia ikiwa imeshapoa, wakaziacha zilale ndani siku kadhaa. Nina kimfuko cha hopsi kavu ofisini kwangu. Mgeni akija namwambia apekeche moja viganjani, vidole vinabaki vinanata utomvu wa manjano, kisha anuse. Wengi huinua macho na kuuliza, “Hii si embe?”

Hopsi hizo hizo za mara ya pili, pamoja na hamira iliyobaki, ndizo zilizokupa ukungu. Bia za viwanda vikubwa huchujwa mpaka zing'ae, halafu nyingi hupashwa moto wa nyuzi kama 60 ili zivumilie miezi dukani. Mgahawa mdogo unaouza bia yake hapohapo hauna haja hiyo. Ukungu kwenye eli ya aina hii ni wa kawaida. Ungekuwa mbaya kama ungeambatana na vipande vinavyoelea au uchachu ambao mpishi hakuukusudia.

Kuhusu baridi, nataka uelewe hamira mbili. Hamira ya laga hufanya kazi kwenye baridi, nyuzi 8 hadi 13, polepole, kisha bia inalazwa kwenye baridi zaidi kwa wiki kadhaa. Inatoka safi, nyepesi, bila harufu nyingi. Hizo ndizo bia zilizotawala Afrika Mashariki, kiasi kwamba wengi wetu tukisema bia tunamaanisha laga. Hamira ya eli hufanya kazi kwenye nyuzi 18 hadi 22 hivi, kwa siku chache, na ikiwa kazini inatoa harufu za matunda. Mojawapo ni kiambato kilekile kinachoipa ndizi mbivu harufu yake. Ukifunua chombo cha mbege asubuhi unakutana nacho. Mpishi mdogo hupenda eli kwa sababu bia inatoka tangini baada ya wiki mbili au tatu, na matangi ni machache.

Eli ikipewa baridi ya barafu, harufu hizo zote zinalala, na ulimi unakufa ganzi. Ndiyo maana hutolewa kwenye nyuzi 7 hadi 13. Laga ya kwetu tunaitaka ya baridi kali, nayo inafaa hivyo, hasa kwenye joto la Dar. Lakini usimpimie mmoja kanzu ya mwingine. Mimi nikiletewa eli ya baridi sana, naishika glasi kwa viganja viwili dakika kadhaa kabla ya kuigusa mdomoni.

Na povu? Sehemu kubwa ya povu ni protini za shayiri zikishikana na uchungu wa hopsi. Vidole viwili ni kipimo kizuri, linabeba harufu mpaka puani. Tazama jambo jingine: ukinywa, povu huacha pete kwenye ukuta wa glasi, pete moja kwa kila funda. Pete zikikaa, glasi ilioshwa vizuri. Ukiona vipovu vimeganda kwenye kuta za ndani kama chawa, au povu linakufa kabla hujakaa vizuri, kuna mafuta kwenye glasi. Ila kabla ya kumlaumu mwosha vyombo, kumbuka rangi ya mdomo na mafuta ya sambusa nayo huua povu.

Sasa glasi ya pili. Mwanangu, hapa umefanya uchunguzi bila kujua. Bia ileile, usiku uleule, kaunta mbili. Ya ndani inanukia embe, ya bustanini inanukia siagi na ina uchachu. Kama kasoro ingekuwa kwenye tangi, zote mbili zingenukia siagi. Kwa hiyo mimi simtilii shaka mpishi. Naitilia shaka njia iliyoifikisha bia bustanini: bomba, koki, au pipa lililofunguliwa na kukaa siku nyingi kwa sababu kaunta ile haina wateja wengi katikati ya wiki.

Harufu ya siagi, ile ya bisi za sinema, inatokana na kiambato kiitwacho diasetili. Hamira yenyewe huitengeneza kila mara, kisha ikipewa muda huila tena. Mpishi mwenye haraka akiitoa bia mapema, siagi inabaki. Lakini siagi ikija pamoja na uchachu, na kwenye koki moja tu, huwa ni bakteria wa asidi ya maziwa, jamaa wa wale wanaogandisha mtindi, wamejenga makao ndani ya bomba. Wanapenda mabomba marefu yanayokatiza juani, na ya bustanini mara nyingi ndivyo yalivyo.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kwenye hoteli moja ambayo wateja walikuwa wanarudisha bia ya koki moja tu. Meneja alikuwa ameshabadilisha mapipa matatu na alikuwa tayari kumfukuza mpishi. Nikaifungua ile koki kwa spana, nikaingiza kidole. Kilitoka na utelezi kama mlenda, rangi ya chai ya maziwa, unanuka siki. Nilikata kipande cha bomba, sentimita kumi hivi, nikakipasua kwa urefu na kukilaza mezani mbele yake. Hakusema neno. Tukasafisha njia yote kwa dawa ya magadi makali, tukasuuza kwa maji mengi, jioni ileile bia ikarudi kuwa bia. Lililoniuma ni kwamba kijana yule mpishi alikuwa amekaa wiki mbili akiamini amesahau kazi yake. Mabomba ya bia yanatakiwa yasafishwe walau kila baada ya wiki mbili, na koki zifunguliwe. Mgahawa unaojali huwa na daftari la tarehe, na mhudumu ukimwuliza atakujibu bila kukasirika.

Je, uchachu ule ungekudhuru? Hapana. Bia ina pombe, ina asidi na ina hopsi, na vijidudu vinavyoweza kuishi humo ni vya kuharibu ladha, si vya kuleta kipindupindu au taifodi. Tumbo kunguruma kunaelezeka kwa gesi, hamira hai na uchungu ambao tumbo lako halijauzoea. Kama kungekuwa na kuhara kwa zaidi ya siku mbili, homa au damu chooni, ningekuambia usiitafute sababu kwenye glasi, nenda zahanati upimwe. Kuna pia wachache ambao shayiri na ngano zenyewe zinawadhuru: tumbo linajaa kila wakila mkate au chapati, uzito unapungua bila sababu. Hao wamwone daktari. Na mtu akivimba midomo au kubanwa kifua muda mfupi baada ya kunywa, hiyo ni dharura.

Kichwa nacho, tusikisingizie kasoro za bia. Chupa yako ya harusi, tuseme mililita 330 ya asilimia 4.5, ina mililita 15 hivi za pombe halisi. Glasi moja ya nusu lita ya asilimia 5.8 ina mililita 29. Ulikunywa moja na nusu, yaani 43 na ushee. Hiyo ni karibu mara tatu ya kiwango chako, takriban gramu 34, na ini hushughulikia gramu 7 hadi 10 tu kwa saa. Mwili wako ulikuwa kazini kwa muda wa saa tatu na nusu hadi tano, tena pengine bila maji ya kutosha. Glasi moja ilionekana kama bia moja, na hapo ndipo wageni wengi wa bia za namna hii wanapoteleza. Soma asilimia na ujazo kwa pamoja, usihesabu glasi.

Yule wa “nyeusi inaongeza damu” namjibu kwa kifupi. Weusi ni shayiri iliyokaangwa kama kahawa. Rangi haikuambii nguvu: Guinness ya bombani inayonywewa Ireland ina asilimia 4.2, chini ya Pale Ale yako. Imani kwamba nyeusi ni kali imetokana na stauti za chupa zinazouzwa kwetu, ambazo ni kali kweli. Madini ya chuma yaliyomo ni kidogo mno kutibu upungufu wa damu. Kama unachoka, unapauka, au hedhi yako ni nzito, kapime damu kliniki. Maini, dagaa, maharage na mboga za majani vitakufaa zaidi. Na mjamzito asipewe bia ya rangi yoyote kwa jina la damu. Hili naliomba kwa moyo wote, kwa sababu bado nasikia mama wakwe wakilishauri.

Kama utapenda kurudi, kula kwanza, kisha omba vikombe vidogo vya kuonja, mililita 100 au 150. Migahawa mingi inayopika bia yake inavyo. Anza na eli nyepesi ya rangi ya dhahabu au bia ya ngano, ambayo uchungu wake ni mdogo na harufu yake ya ndizi utaitambua mara moja. Nusa kabla ya kunywa. Kunywa funda, limeze, halafu toa pumzi polepole puani; sehemu kubwa ya tunachokiita ladha inafika kwa njia hiyo. Kunywa maji katikati. Ukipata tena ile siagi, usione haya. Mwite mhudumu umwambie hivi: “Naomba uinuse hii, kisha uniletee bia hii hii kutoka kaunta ya ndani.” Mpishi wa kweli atakushukuru, maana wewe ndiye umempa habari ambayo wateja kumi waliokunja uso na kulipa hawakumpa.

Kama hutapenda kurudi, sawa pia. Shirika la Afya Duniani lilitamka Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kuitwa salama kabisa kwa afya, na mimi niliyeishi kwa kazi hii sitakuficha hilo. Bia nzuri ni chakula cha starehe, haina faida ya kitabibu ya kumfanya asiyekunywa aanze. Kuwa dereva usiku huo, au kuwa kwenye dozi ya metronidazole (dawa ya kuua vijidudu) na siku mbili tatu baada ya kuimaliza, au kutumia dawa za kifua kikuu, kisukari au usingizi, ni sababu tosha ya kuagiza maji ya tangawizi. Muulize mfamasia wako kabla, si baada.

Jambo moja tu limenigusa kwenye barua yako: uliimaliza glasi ya kwanza kwa kuona haya. Ile ilikuwa bia nzuri, lakini hukuipenda, na wenzako wasingekosa usingizi ungeisogeza pembeni. Ukiwa Marangu Desemba hii, nenda kwa mama anayepika mbege, mwombe akuonjeshe kabla na baada ya kutia msesewe. Kisha niandikie uniambie ulichokisikia kooni.